Kikaratasi cha Ukurasa wa Tatu

Mmeniomba niandike habari za kazi yangu kabla kumbukumbu hazijanitoka. Nimekubali, lakini kama mlitarajia bibi mpole anayekumbuka mambo huku akitabasamu, mmekosea mlango. Nilistaafu mwezi wa tatu nikiwa na hasira, na miezi sita ya kupumzika haijaipunguza. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mbili: ndiyo lugha yangu, na meneja haijui. Habari za vyeo nitaziacha kwa kuwa sikupewa kimoja, na za mshahara zitanipandisha presha bure.

Kwa wanaoanza leo, kazi yetu ni kunakili muziki. Kwaya nyingi za Durban, za viwandani, za walimu na za makanisa, hazitumii nota za mistari kama wapiga piano. Zinatumia solfa, yaani herufi: d, r, m na wenzake, pamoja na nukta na vistari vya kuonyesha muda. Wimbo unakuja umeandikwa kwa mistari, sisi tunaugeuza kuwa herufi, tunauchora kwenye stensili, mashine inadurufu, na kwaya inapata karatasi zake. Wasomi hutudharau. Wanasema kwaya za solfa hazijui kusoma muziki. Nimemsikia mpishi wa kiwanda cha biskuti akiimba sauti ya nne kurasa kumi na mbili bila kukosea hata herufi moja, na msomi aliyekuwa karibu nami akaniambia inashangaza jinsi watu hawa wanavyoweza kukariri. Karatasi ilikuwa mkononi mwa mpishi, na msomi aliiona.

Mimi nilijifunza kazi katika chumba cha chapa cha misheni, kule milimani Usambara. Nilikaa pale miaka ishirini na sita nikinakili nyimbo za kanisa. Mwaka 1996, mume wangu akiwa ameshafariki, nilimfuata mdogo wangu aliyeolewa huku Durban, na ofisi ya kunakili muziki ya Mobeni ikanichukua kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri na hawakumwona mwingine anayeweza kuandika solfa kwa mkono bila kutetemeka. Walinitafutia kibali cha kufanya kazi. Kibali kile kiliandikwa jina la ofisi. Maana yake, siku nitakapotoka ofisini ndiyo siku nitakayotakiwa kutoka nchini. Likumbukeni hilo, kwa sababu mimi sikulisahau hata siku moja.

Siku ya kwanza dereva wa taxi aliniteremsha robot mbili mbele, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, nikarudi kwa miguu kwenye jua la Januari. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya ghala la rangi, na harufu ya rangi iliingia hadi ndani ya chai. Nilimkuta Baba Ngidi. Alikuwa Mzulu wa karibu miaka sabini, mwembamba, kidole gumba cheusi kwa wino wa miaka arobaini. Kizulu changu kilikuwa sifuri, na Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa cha kuungaunga, lakini tulielewana tangu asubuhi ile. Alinivutia kiti, akanipa kalamu, rula na nusu ya wembe, kisha akaninyunyizia poda ya watoto mkononi kuanzia kiwiko hadi vidole. Nilidhani amechanganyikiwa. Ilipofika mchana nikaelewa: joto la Durban linatoa jasho, jasho linadondoka kwenye stensili, na stensili ikishalowa herufi zinatambaa. Wenzangu wa milimani hamhitaji poda. Ninyi wa huku msianze kazi bila hiyo.

Kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa kunakili wimbo wa mazishi wa mtunzi mmoja Mwingereza wa miaka mia tatu iliyopita. Jina lake liko kwenye majalada yote ya kabati la tatu, sina haja ya kulirudia. Baba Ngidi alimwita Kijana Wetu, kwa sababu alikufa hajafika miaka arobaini, na kwa sababu nyingine ambayo alinieleza wakati wa chai kama mtu anayeeleza habari za mpwa wake. Baba yake mtunzi alikufa yeye akiwa mdogo. Akaingia kwaya ya watoto kwa mfalme. Sauti ilipovunjika hawakumfukuza, walimpa kazi ya kushika vyombo vya muziki, akawa anarekebisha kinanda cha kanisa kubwa na kulipwa kwa kunakili muziki wa watu wengine. Alikuwa mnakili, Baba Ngidi alisema, na alilisema hilo akiwa amesimama. Baadaye ndipo akawa mpiga kinanda wa kanisa lile lile na mtunzi wa wafalme. Malkia alipofariki alitunga muziki wa mazishi yake, na kabla mwaka haujapita naye wakamzika kwa muziki uleule. Watu husema mkewe alimfungia nje kwenye baridi akapata ugonjwa. Baba Ngidi alisema huo ni umbea wa majirani, na majirani wa London hawana tofauti na wa KwaMashu, mtaani kwake.

Wiki hiyohiyo nilifanya kosa. Kwenye ukurasa wa tatu, mstari wa pili, niliona kitu ambacho macho yangu ya kanisani hayakukikubali. Sauti ya kwanza inaimba s, na papo hapo sauti ya pili inaimba se, ambayo ni ileile ikiwa imepandishwa nusu hatua. Zikiimbwa pamoja zinakwaruzana hadi meno yanauma. Nilijua ni kosa la chapa. Nilifuta se, nikaandika s, na nikajipongeza. Baba Ngidi alipokagua hakunifokea. Alichukua wembe, akakwangua herufi yangu taratibu, akarudisha se, kisha akaniita tuimbe, yeye juu, mimi chini. Tuliimba pale juu ya ghala la rangi, na ule mkwaruzo ulinipita mgongoni. Aliniambia Kijana Wetu aliweka jambo lile kwa makusudi, kwamba mtu aliyefiwa hasikii sauti mbili zikipatana. Akaniambia pia kwamba baada ya kifo chake walikuja mabwana wa kanisa wenye adabu nyingi wakamsafisha, wakaondoa kila mkwaruzo, wakachapa vitabu vizuri vya jalada la ngozi ambavyo ndani yake maiti haiumi. Yeye alikuwa na nakala ya picha ya maandishi ya zamani, na ndiyo aliyoifuata. Nilikuwa mjane wa miaka miwili. Sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Papa Ilunga alikuja mwaka uliofuata. Alikuwa mwalimu wa muziki Lubumbashi kabla ya vita na njaa kumsukuma huku. Durban alikuwa mlinzi wa magari, wale wa fulana ya kung'aa wanaokuelekeza kuegesha na kungoja upendacho kuwapa. Mahali pake palikuwa barabara ya pembeni mwa ukumbi wa jiji. Watu waliovaa vizuri waliegesha kwake wakaingia kusikiliza okestra, naye alisikiliza kupitia madirisha ya juu yanapofunguliwa. Jioni aliongoza kwaya ya watu thelathini na wawili, Wakongo wengi na Watanzania wachache, wasusi wa nywele, wauza simu, walinzi kama yeye, katika ukumbi wa kanisa karibu na Albert Park. Alikuja kuniomba solfa za bure, nikampa. Sikuwa na ruhusa, na sijuti.

Mwishoni mwa 1997 Baba Ngidi alistaafu. Alikwenda nyumbani, akalala kitandani, na baada ya majuma machache akafariki. Sina la kupamba hapo. Nilibaki peke yangu na kabati la tatu.

Mwaka 1998 waandaaji wa mashindano ya kwaya walitangaza wimbo wa lazima, ambao kila kwaya ingepaswa kuimba, na ukawa ule ule wa mazishi. Ofisi yetu ilipewa kazi ya kutoa karatasi. Tulidurufu stensili ileile aliyoisahihisha Baba Ngidi, herufi kwa herufi. Kwaya ya Papa Ilunga iliandikishwa nayo, mara ya kwanza kwaya ya wageni kuingia. Kwaya mbili za juu zingekwenda fainali ndani ya ukumbi wa jiji, na okestra. Papa Ilunga aliponiambia hivyo alikuwa amevaa fulana yake ya kung'aa. Kitu kimoja tu alichokitaka duniani mwaka ule kilikuwa kuingia mlango ule wa mbele na watu wake thelathini na wawili.

Karatasi zilipofika kwa kwaya, simu zikaanza. Walimu wa kwaya, mmoja baada ya mwingine, walilalamika: ukurasa wa tatu una kosa. Meneja wetu alikuwa bwana wa Queensburgh aliyejua bei ya karatasi na hakujua kitu kingine chochote kuhusu karatasi. Aliniita akaniambia niandike kikaratasi cha masahihisho kwa kwaya zote. Nilimpelekea ile nakala ya picha ya maandishi ya zamani. Hakuishika. Alisema mteja ameshasema, na kwamba mtu ambaye kibali chake kina jina la ofisi angefanya vizuri kuisaidia ofisi. Alilisema kwa upole sana. Laiti angepiga meza.

Nikaandika. Ukurasa wa tatu, mstari wa pili, sauti ya pili: futa se, andika s. Kosa la mnakili. Ile se aliiandika Baba Ngidi, aliyelala kaburini, na mwandiko wa kikaratasi ulikuwa wangu. Naweza kumlaani meneja hadi kesho, na namlaani, lakini mkono ulioandika haukuwa wake.

Kisha nikafanya jambo ambalo kwa miezi mingi nililiita ushujaa. Nilitia vikaratasi kwenye bahasha za kwaya zote isipokuwa moja. Cha Papa Ilunga nilikikunja nikakitia kwenye mkoba wangu. Kwenye orodha ya bahasha nikaweka alama ya vyema na sahihi yangu mbele ya kila jina, pamoja na lake. Nilijiambia kwamba angalau kwaya moja Durban nzima itaimba kama Kijana Wetu alivyoandika. Papa Ilunga sikumwambia. Nilitaka mkwaruzo ule utoke vinywani mwao bila woga. Ndivyo nilivyojidanganya.

Siku ya mashindano niliketi nyuma. Kwaya kumi na tisa zilipita ukurasa wa tatu kama gari kwenye lami mpya. Ya ishirini ilikuwa ya Papa Ilunga. Walipofika pale, sauti ya pili, wakiongozwa na msusi mmoja aitwaye Béatrice, waliishika ile se wakaing'ang'ania. Mama aliyekaa mbele yangu alishika mkono wa mumewe. Nililia, na sikuona haya.

Walipewa nafasi ya tatu, nyuma ya wa pili kwa alama moja. Jaji alikuwa Daktari wa muziki, mwenye kitabu cha jalada la ngozi mezani. Aliandika kwamba kwaya ina sauti nzuri lakini imerudia kosa ambalo wengine wote walilisahihisha, na kwamba waimbaji wangefaidika wakijifunza kusoma.

Wangefaidika wakijifunza kusoma! Moto ulinipanda kutoka miguuni. Papa Ilunga alikata rufaa siku ile ile kwa barua ya Kiingereza aliyoiandika mara nne.

Kikao kilifanyika ofisini kwetu, kwa kuwa karatasi zilikuwa zetu. Walikuwapo mwenyekiti wa waandaaji, Daktari, meneja, Papa Ilunga na mimi. Nilitoa ile nakala ya picha nikamwekea Daktari. Aliitazama kwa muda mrefu, akavua miwani, akasema kwamba ndiyo, mtunzi aliandika hivi, yeye mwenyewe amelijua jambo hilo tangu akiwa mwanafunzi. Nilimuuliza basi kwa nini aliandika alichoandika. Akajibu kwamba jaji hamhukumu mtunzi, anahukumu kwa karatasi ya mashindano. Alilisema bila aibu, akarudisha miwani. Watu wa namna hii ndio wanaotuita sisi wasiosoma.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa haki, ndilo linalonikera zaidi. Alisema swali lake ni moja tu. Kanuni inasema kwaya isiyopata masahihisho inasikilizwa upya, na hukumu ya kwanza inafutwa. Je, kwaya hii ilipata kikaratasi au haikupata? Meneja akaweka orodha ya bahasha mezani, akaonyesha alama ya vyema yenye sahihi yangu. Kando yake akaweka kikaratasi kimoja cha mfano.

Papa Ilunga alikiinua. Aliutazama mwandiko. Kwaya zote za Durban zinaujua mkia wa f yangu. Aliinua macho akanitazama, na nikaona ameelewa yote: kwamba kikaratasi kilikuwepo, kwamba ni mimi niliyekiandika, na kwamba ni mimi niliyekizuia.

Akaniuliza kwa Kiswahili, mbele yao, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa.

"Mama, nikisema hapana hatukupata, batakufukuza?"

"Ndiyo," nikasema.

"Na makaratasi yako ya hapa?"

"Yanaisha siku hiyohiyo."

Mwenyekiti aliuliza tunazungumza nini. Mimi nilikuwa na nafasi. Ilitosha kusema neno moja la Kiingereza, la kwamba hawakukipata, na neno hilo nililijua. Papa Ilunga alinisubiri kidogo, nadhani kwa heshima, kisha akasema, "Bon," yaani haya. Akamgeukia mwenyekiti akamwambia kwa Kiingereza kwamba kikaratasi walikipata. Yeye mwenyewe alikipokea, akakipoteza, na kosa ni lake.

Mikono yangu ilikuwa mapajani, nyeupe kwa poda. Meneja alikusanya orodha yake. Mwenyekiti alimpa Papa Ilunga mkono na kusema anasikitika, na nilimwamini.

Nilimfuata hadi chini, pale ghalani kwenye makopo ya rangi. Nikaanza kumshukuru. Hakutaka. Hakupaza sauti, na mpaka leo naona ingekuwa nafuu kama angepaza.

"Ungeniambia tu, Mama," alisema. "Ungenionyesha ile karatasi, uniambie iko namna hii na iko namna hii. Ningewauliza watu wangu. Labda wangechagua ile se. Béatrice angechagua, najua. Lakini ni sisi tungechagua. Sasa wewe umechagua ya kushindwa kwetu, na mimi nimechagua ya kazi yako, na wale watoto ya watu hawakuchagua kitu."

Akavaa fulana yake ya kung'aa akaenda kungoja taxi. Jioni ya fainali alikuwa mahali pake, pembeni mwa ukumbi, akiwaelekeza watu kuegesha.

Nilibaki kazini hadi siku yangu ya kustaafu. Walinipa keki na cheti, na meneja alisema maneno mazuri kuhusu uaminifu. Nilikula keki. Sasa niko hapa kwa kibali cha mdogo wangu na shemeji, na ofisi haina tena la kunifanya. Angalieni ilivyonichukua muda mrefu kuwa jasiri: mpaka ujasiri ulipokuwa haunigharimu kitu.

Mngependa niishie kwenye ushauri. Ushauri wa poda nimeshatoa. Mwingine ni huu: mkiona mkwaruzo kwenye maandishi ya mtu, msiufute, na mkijua jambo ambalo mwimbaji hajui, msilifiche mkobani mkaliita kumpenda. Nilikuwa nikiwachukia wale mabwana wa kanisa waliomsafisha mtunzi bila kumuuliza. Nilifanya vilevile, ila mimi niliwafanyia watu walio hai.

Lililonifanya nishike kalamu ni hili. Wiki iliyopita nilikutana na Béatrice saluni kwake. Aliniambia kwaya imebaki na watu kumi na tisa. Wengine waliondoka kwa sababu ya Papa Ilunga. Walisema mtu aliyepoteza karatasi ya fainali hawezi kuongoza watu, na mmoja alimwambia usoni kwamba aliuza nafasi yao kwa kwaya ya wenyeji. Yeye hakujibu. Mwaka mzima hakujibu. Béatrice mwenyewe aliyasema hayo kwa uchungu, akinisuka, na hakujua kichwa anachokishika ni cha nani.

Niliondoka nusu nimesukwa, nikaketi nikaandika, kisha nikaenda hadi barabara ile ya pembeni. Nilimsomea Papa Ilunga kurasa hizi nimesimama kati ya magari mawili, naye akienda kuwaelekeza watu kuegesha na kurudi. Nilipomaliza aliniuliza nani atazisoma. Nikamwambia wanakili wenzangu. Alitikisa kichwa, akasema wanakili wangoje.

Jumapili baada ya ibada atawaita wote thelathini na wawili, waliobaki na walioondoka, na mimi nitawasomea tangu neno la kwanza hadi hili. Kwa hiyo mkizipata karatasi hizi, wao wameshazisikia, na mimi nimeshasimama mbele yao bila meneja wa kumlaumu.